Hati Kwanza, Bembea Baadaye

Leo ni ndefu kidogo, vumilieni.

Tuanze na neno moja: park. Mtoto wa Nairobi akisikia "park" anawaza nyasi, boti na aiskrimu. Mtoto wa Mwanda akisikia neno hilohilo anawaza ndovu. Huku kwetu park ni Tsavo. Ni ua wa umeme, ni lango la KWS, ni tiketi, ni mahali ambapo ukipatikana unatembea kwa miguu lazima ueleze ulifuata nini. Panda Vuria siku ambayo hakuna ukungu, utaiona imelala huko chini kama haina mwisho. Karibu asilimia 62 ya kaunti ya Taita Taveta iko ndani ya Tsavo East na Tsavo West, mbuga iliyotengwa mwaka 1948 kisha ikagawanywa mara mbili. Ukiziunganisha tena zinapita kilomita za mraba 20,000.

Sasa niambie. Katika ardhi iliyobaki, ni wapi mahali pa umma ambapo mtoto wa Voi ama wa Wundanyi anaweza kwenda Jumapili, akae kwenye nyasi, apande bembea, arudi nyumbani bila kulipa na bila kufukuzwa? Viwanja vya mpira tunavyo, na si haba. Lakini kiwanja cha mpira ni cha watu 22 na wale wanaowatazama. Mimi naongelea mahali pa nyanya na mjukuu wake wa miaka minne. Mahali pa wapenzi wawili wasio na pesa ya hoteli. Mahali pa kijana aliyekosa kazi na anataka tu kukaa chini ya mti bila mtu kumuuliza, "Wewe unangoja nani hapa?"

Msimamo wangu ni huu: tunakosea tukidhani mahali pa kucheza panaanza na mashine na rangi. Panaanza na hati ya ardhi. Mapenzi ya watu hayalindi park. Kumbukumbu hazilindi park. Picha nzuri za zamani ndio kabisa, hazilindi kitu. Kinacholinda ni jibu la swali moja la baridi sana: hii ardhi ni ya nani?

Nitawaonyesha kwa park mbili za kando ya maji. Moja ilikufa, nyingine ilikataa kufa. Na zinakutana mwaka mmoja, 1969.

Ile iliyokufa

Najua mtasema, "Buda, mbona unatupeleka Marekani?" Nawapeleka kwa sababu hadithi ya huko imefika mwisho, na hadithi iliyofika mwisho ndiyo inayofundisha. Yetu bado iko katikati.

Euclid Beach Park ilikuwa katika jiji la Cleveland, jimbo la Ohio, kwenye ufuo wa Ziwa Erie. Hilo ziwa ni kubwa mpaka ukisimama ukingoni huoni ng'ambo. Park ilifunguliwa mwaka 1895, na miaka ya kwanza ilikuwa na pombe na michezo ya kamari. Mwaka 1901 ikachukuliwa na familia ya Humphrey, watu ambao walikuwa wanajulikana kwa kuuza bisi. Hao wakabadilisha mambo mawili. Kwanza, pombe ikatolewa. Pili, getini hulipi. Unaingia bure, unatembea bure, unakaa ukitazama ziwa bure, unalipia tu kile unachopanda.

Fikiria hiyo kwa familia ya mfanyakazi wa kiwanda. Mnapanda tramu, mnabeba chakula chenu, mnashinda huko kutwa. Hata kama pesa mfukoni ni ya mtoto mmoja kupanda kitu kimoja, wote mmekuwa park.

Na vitu vya kupanda vilikuwepo. Kulikuwa na farasi wa mbao wanaozunguka kwa muziki. Kulikuwa na gati lililoingia ndani ya ziwa, jukwaa kubwa la dansi, na ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Kulikuwa na vile vigari vinavyopanda mlima wa mbao polepole halafu vinakuachilia ushuke na roho mkononi. Kimoja kiliitwa Thriller, cha mwaka 1924. Kingine kiliitwa Flying Turns, cha mwaka 1930, na hicho hakikuwa na reli hata. Kigari kilikuwa kinateleza ndani ya mfereji wa mbao, kikipanda ukuta kwenye kila kona. Watu wa Cleveland walizaliwa, wakatongozana, wakaoana na wakazeeka wakienda Euclid Beach.

Lakini ngoja. Watu gani?

Hapo ndipo picha za zamani zinaanza kudanganya. Watu weusi waliruhusiwa kupita lile geti la bure. Jukwaa la dansi hapana. Ukumbi wa kuteleza hapana. Kuogelea hapana. Agosti 1946, mwaka mmoja tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kikundi cha vijana weusi na weupe kiliingia pamoja makusudi, kudai haki ya kutumia kila kitu. Walinzi wa park wakawatoa, na mmoja wao akapigwa. Mwezi uliofuata, polisi wawili weusi wa jiji, ambao hawakuwa kazini siku hiyo, waliona walinzi wakiwatoa watu tena wakaingilia kati. Katika purukushani hiyo mmoja wa wale polisi alipigwa risasi ya mguu. Polisi wa jiji! Park ikafunga msimu mapema. Baadaye halmashauri ya jiji ikapitisha sheria ya kukataza ubaguzi kwenye sehemu za burudani. Unajua wenye park walifanya nini? Jukwaa la dansi likageuka kuwa la klabu ya wanachama. Sheria imefuatwa, mlango umefungwa.

Kwa nini nawaambia hii sehemu? Kwa sababu ndiyo kiini cha maneno yangu. Geti lilikuwa bure, ndiyo, lakini lilikuwa geti la mtu. Na geti la mtu, hata mtu mwema, hufunguka akipenda. Familia ile iliamua pombe isiuzwe, wengi wakashangilia. Familia ileile iliamua nani adansi, na wengine wakatolewa. Uamuzi wa kwanza na uamuzi wa pili ulitoka mahali pamoja: ardhi yetu, masharti yetu.

Na uamuzi wa tatu ukatoka hapohapo. Miaka ya 1960 mambo yalikuwa magumu. Watu wenye magari walikuwa wanaweza kwenda mbali zaidi kutafuta raha, na Ziwa Erie lenyewe lilikuwa limechafuka vibaya. Juni 1969 mto Cuyahoga, unaopita jiji hilohilo la Cleveland ukiingia ziwani, ulishika moto. Mto ulishika moto, wasee, kwa sababu ya mafuta na taka za viwanda. Tarehe 28 Septemba 1969, Euclid Beach ikafunga milango baada ya miaka 74.

Watu walilia? Walilia sana. Mpaka leo wapo wanaokusanya picha, tiketi na vipande vya vigari. Lakini kulia si hati. Vitu vikauzwa. Wale farasi wa mbao walienda mpaka jimbo la Maine, na ilikuja kuchukua miaka mingi warudi Cleveland. Tangu 2014 wanazunguka tena, ila ndani ya jumba la makumbusho. Pale park yenyewe ilipokuwa yalipanda magorofa ya kuishi. Kilichobaki kimesimama ni lile tao la lango la kuingilia, ambalo jiji lilililinda kisheria mwaka 1973. Unaona kejeli yake? Walifanikiwa kulinda mlango. Kitu ambacho mlango ulikuwa unafungua kilikuwa kimeshaenda.

Na bado haijaisha. Kipande kingine cha ule ufuo kilikuwa kimekuwa makazi ya nyumba za trela, watu wa kipato cha chini wakiishi humo. Mwaka 2021 shirika la kuhifadhi ardhi likainunua ile sehemu ili pawe bustani ya umma kando ya ziwa. Mwaka 2023 wakazi wakaambiwa watahama. Yaani jiji lililoacha park yake iende mwaka 1969 lilikuja kuitafuta tena nusu karne baadaye, na walioondolewa ili ipatikane ni maskini. Hiyo ndiyo bei ya kuchelewa. Ardhi ya umma usipoitenga mapema, siku ukiitaka lazima kuna mtu utamtoa.

Ile iliyokataa kufa

Rudini nyumbani sasa. Tarehe 23 Mei 1969, miezi minne kabla Euclid Beach haijafunga, Mzee Jomo Kenyatta alifungua Uhuru Park jijini Nairobi. Ekari kama 32, hekta 12.9, na katikati ziwa la kuchimbwa.

Ziwa hilo usilicheke. Ni dogo, ni la mikono ya watu, lakini kwa Wakenya wengi ndilo ziwa la kwanza walilowahi kupanda boti. Ukienda nyumba nyingi huku milimani, ukifungua ile albamu ya kabatini, hukosi picha ya mjomba fulani aliyeenda Nairobi kutafuta kazi. Amesimama kando ya lile ziwa, suruali pana, mkono kiunoni, boti nyuma yake. Hakuwa na pesa ya kuingia klabu yoyote. Lakini alikuwa na Uhuru Park, na ile picha ilitumwa nyumbani kusema, "Nimefika." Mpiga picha, muuza njugu, mhubiri na kijana asiye na nauli ya kurudi mtaani, wote walikuwa na haki sawa ya ile nyasi.

Sasa mwaka 1989 ikatoka habari kwamba sehemu ya park hiyo itajengwa jumba la ghorofa 60, makao ya gazeti la chama tawala la Kenya Times, na maduka, na maegesho ya magari 2,000, na sanamu ya rais. Lilikuwa liwe jengo refu kuliko yote Afrika. Gharama yake ilikuwa ya kukopwa nje.

Profesa Wangari Maathai akaanza kuandika barua. Aliandika kwa wizara, kwa ofisi ya rais, kwa mabalozi. Hoja yake haikuwa ngumu: hakuna mtu angethubutu kujenga kitu kama hicho katikati ya Hyde Park kule London au Central Park kule New York, basi kwa nini Nairobi? Novemba mwaka huo wabunge wakamdhihaki bungeni, wakasema yeye na wenzake wa Green Belt ni kundi la wanawake walioachika. Shirika lake likafurushwa kwenye ofisi za serikali lililokuwa limezitumia miaka. Tarehe 12 Desemba, Jamhuri Dei, rais Moi alisimama ndani ya Uhuru Park yenyewe akamwambia, kwa ufupi, mwanamke wa Kiafrika aheshimu wanaume na anyamaze.

Aliposhtaki, kesi ikatupwa. Sababu ya mahakama isome polepole: hana msimamo wa kisheria wa kushtaki. Yaani, mama, hii park inakuhusu nini wewe? Si shamba lako.

Lakini hapo ndipo tofauti na Cleveland ilipo. Lile swali, "inakuhusu nini?", lilikuwa na jibu ambalo kila Mkenya alilijua tumboni hata kama jaji hakulikubali. Inanihusu kwa sababu ni yangu. Ni ya umma. Euclid Beach ilipouzwa, hakuna mtu angesimama akasema "mnauza kitu changu", kwa sababu haikuwa chake, alikuwa mgeni aliyekaribishwa miaka 74. Mtu wa Nairobi alikuwa mwenye nyumba. Ndiyo maana kelele za Maathai zilikuwa na pa kushika. Wafadhili wakaanza kusita. Januari 1990 mradi ukapunguzwa, baadaye ukafa kabisa, na mwaka 1992 ua uliozungushwa pale ukang'olewa. Mwaka huohuo akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula kwenye kona ya park hiyohiyo, ile tunayoiita Freedom Corner.

Sisemi kwamba ukiwa na ardhi ya umma basi umelala salama. Uhuru Park yenyewe ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati, na watu wakakaa nje ya mabati muda mrefu kuliko walivyoambiwa. Mambo mengi ya ile park ya zamani yamekwenda na hayarudi. Lakini hata hapo watu waliuliza kwa sauti, "Mtafungua lini?" Na tarehe 7 Julai 2024 vijana waliijaza tena kwenye tamasha la kuwakumbuka wenzao waliouawa kwenye maandamano. Huwezi kumuuliza mwenye ploti binafsi atafungua lini. Atakujibu, "Kwani wewe ni nani?"

Na sisi je?

Sasa turudi Taita.

Voi inakua. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2017, na malori ya barabara ya Mombasa hayajawahi kulala, kila ukishuka unakuta jengo jipya. Hiyo ni sawa, mji ukue. Lakini angalia vile unakua: ploti, ploti, ploti, ukuta, ploti. Kuna mahali tulikuwa tunacheza mpira tukienda kwa jamaa zetu huko Voi. Siku moja tukakuta mabati, siku ya pili mawe, siku ya tatu jengo. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyelia, hakuna gazeti lililoandika. Hakukuwa na cha kuandika, kwa sababu haikuwa yetu kamwe. Tulikuwa tunacheza kwenye usahaulifu wa mtu. Alipokumbuka, tukatoka.

Huku juu Mwanda mchezo wetu ni mteremko. Mpira ukitoka nje unashuka bondeni, na aliyeupiga ndiye anayeufuata. Ni raha, sikatai. Lakini ardhi ya huku juu inagawanywa kila kizazi. Baba ana ekari moja, wana wanne, hesabu unaijua. Hakuna mtu atakayeamka siku moja akute kipande cha ziada akasema, "Hiki kiwe cha watoto wa kijiji."

Na maji tunayo. Tuna Ziwa Jipe, tunalogawana na Tanzania, Milima ya Pare ikiwa upande wa pili, kiboko ndani na matete yakizidi kulimeza. Sehemu ya ufuo wake iko ndani ya Tsavo West. Tuna Ziwa Chala, maji ya kina kirefu ndani ya kinywa cha volkano, ukiliona unakaa kimya kwanza. Chala si la kuogelea, mamba hawana utani. Lakini kukaa kando ya ziwa si lazima uingie ndani. Wangapi kati yetu sisi wa Voi na wa milimani tumefika Jipe ama Chala? Watalii wanazijua kutuliko. Sio kwamba watu wa hapa hawapendi maji. Ni kwamba hakuna aliyewatengenezea sababu na njia ya bei ya mama mboga.

Najua jibu mtakalonipa, nimelisikia hata nyumbani. "Watu hawana maji ya bomba, ndovu wanavunja mashamba, hospitali haina dawa, na wewe unataka bembea?" Ni swali la haki na silikwepi. Nina majibu mawili.

La kwanza: siombi bembea. Rudia kusoma kichwa cha hii habari. Naomba hati. Kutenga ekari tano ama kumi za umma pembeni mwa Voi leo, kuziandikisha na kuzipima, ni bei ya karatasi na ujasiri. Bembea inaweza kungoja miaka kumi. Miti inaweza kupandwa na wanafunzi. Lakini ekari zikishakuwa na ghorofa, hata uwe na pesa za mafuta za Uarabuni, itabidi umtoe mtu. Cleveland imetuonyesha ni nani hutolewa.

La pili: anayesema burudani ni ya walioshiba hajakaa na kijana ambaye hajashiba. Tajiri ana kidimbwi cha kuogelea nyuma ya nyumba. Tajiri analipa kuingia. Anayehitaji mahali pa bure ni yule ambaye nyumba yake ni chumba kimoja, na watoto watatu, na mlango unafunguka barabarani. Ukimnyima huyo mahali pa kukaa, atakaa tu, lakini atakaa pale penye muguka na kamari ya simu. Hao wenye biashara hizo wametenga nafasi yake tayari. Wako makini kuliko kaunti.

Karatasi tunayo

Hapa ndipo watu wengi hawajui, hebu sikilizeni. Katiba ya Kenya, Jedwali la Nne, inaorodhesha kazi za kaunti. Mle ndani, pamoja na barabara za kaunti na hospitali, kumeandikwa park za kaunti, fuo na sehemu za burudani. Si hisani ya gavana. Ni kazi yake. Imeandikwa kama vile barabara imeandikwa.

Na ile kesi ya Maathai iliyotupwa kwa sababu "haimhusu"? Katiba imeziba lile shimo. Ibara ya 70 inasema mtu yeyote anayeona haki yake ya mazingira safi inavunjwa anaweza kwenda mahakamani, na halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Swali "inakuhusu nini wewe?" limefutwa kwa wino.

Unajua Katiba hiyo ilitiwa sahihi wapi, tarehe 27 Agosti 2010, mbele ya umati wa watu? Uhuru Park. Pale ambapo jumba la ghorofa 60 lingekuwa limesimama. Mama mmoja na wenzake walilinda nyasi, na miaka 21 baadaye nchi nzima ikapata pa kusimama.

Kwa hivyo wasee wa Voi, Mwatate, Wundanyi, Taveta na sisi wa ukunguni: kila mwaka kaunti huita vikao vya kusikiza wananchi kabla ya bajeti. Tunajua vile huwa. Wazee kumi na watano, viti vya plastiki, soda, na vijana hakuna hata mmoja kwa sababu "hawatatusikia". Mwaka huu twende. Tusiende kulia, twende na maswali matatu, na tuyaulize mpaka yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Moja: ni ardhi gani ya umma iliyobaki ndani ya mji wa Voi na miji mingine ya kaunti, ipo wapi, na ni ekari ngapi?

Mbili: ni kipande kipi kati ya hizo kimeandikishwa kuwa cha burudani ya umma, na hati yake iko ofisi gani?

Tatu: kama hakuna, mtatenga kipi, kufikia lini?

Msiulize habari za bembea. Mkiuliza bembea mtaletewa bembea mbili za rangi, ribbon itakatwa, picha zitapigwa, na zitasimikwa kwenye ardhi ambayo mwaka ujao ina mwenyewe. Ulizeni hati. Wakiwaambia nyinyi ni watoto, hamjui mambo ya ardhi, waambieni kuna profesa aliambiwa vibaya kuliko hivyo, na park bado ipo.

Mwenye kujua tarehe ya kikao cha wadi yake aiweke hapa chini. Ya Mwanda/Mgange nitaitafuta mwenyewe niwawekee.